Ukuta wa Kushoto

Ukuta ulianguka siku ya Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, mazoezi ya mwisho yakiwa yamepamba moto, na Inspekta aliuona kwa macho yake mwenyewe.

Hakuwa kazini. Alikuwa amefika ukumbi wa shule kumchukua binti wa kaka yake, anayeishi naye tangu kaka huyo alipokwenda kufanya kazi ng'ambo. Alijibwaga kwenye kiti cha safu ya nyuma, akavua viatu, kwa maana tangu asubuhi alikuwa mahakamani akisubiri kesi ambayo mwishowe haikuitwa. Jukwaani alisimama msichana mwenye taji la kadibodi, akiwahutubia raia ambao siku hiyo walikuwa viti vitupu. Shule nzima ilimwita Malkia, mchezoni na nje ya mchezo. Hakupaza sauti, lakini kila neno lake lilifika nyuma likiwa zima.

Pembeni, kwenye meza ndogo yenye taa nyekundu, ndipo alipokaa binti wa kaka. Yeye aliitwa Dakika, kwa ile tabia yake ya kupita nyuma ya mapazia akitangaza "Dakika kumi! Dakika tano!" kwa ukali wa mwalimu wa zamu. Alikuwa meneja wa jukwaa. Mbele yake palikuwa na kishikwambi chenye programu ya kuendeshea mchezo. Maneno yote ya mchezo yalikuwa humo, na kando ya maneno, ishara: hapa taa zififie, hapa ngoma ilie, hapa ukuta ushuke. Dakika akigusa ishara, kitaa cha kijani kiliwaka kwa mhusika, awe mtu wa taa, mtu wa sauti, au fundi wa shule aliyekaa nyuma ya pazia na kitufe cha winchi, mashine ya kamba inayoshusha kuta, mkononi. Kijani kikiwaka, unafanya. Huulizi.

"Ishara ya thelathini na moja," Dakika alinong'ona kwenye kipaza sauti chake kidogo. "Taa, tayari. Twende."

Taa zikafifia. Malkia akapiga magoti na kuinamisha kichwa. Papo hapo, juu ya jukwaa, winchi ikanguruma.

Waliokuwemo ukumbini wakainua nyuso kuelekea kwenye mngurumo. Macho ya Inspekta, yaliyozoea kukagua watu popote walipo, yalipita juu ya vichwa vya safu ya tatu, alipokaa Mkuu wa shule pamoja na mwanamume aliyevaa shati jeupe, mfamasia wa mjini, baba yake Malkia. Mkuu alitazama juu. Mfamasia alikuwa amejisogeza ukingoni mwa kiti, shingo kaielekeza upande mwingine wa jukwaa, pale ambapo hapakuwa na mtu wala kitu.

Kisha ukuta ukaja. Ilikuwa fremu nzito ya mbao, moja kati ya mbili zilizoning'inia pande za jukwaa, iliyowambwa turubai na kupakwa rangi ya mawe ya gereza, na winchi ile haikujua kushusha polepole, kwani ilifungwa kwa ajili ya kubadilisha mandhari gizani. Ukingo wake wa chini ulimkuta Malkia begani. Taji likabiringika hadi kwenye viti.

Aliyepiga yowe la kwanza alikuwa msichana aliyesimama nyuma ya pazia la pembeni, mchezaji wa akiba, ambaye kwa hiyo alikuwa akiitwa Akiba. Mwalimu wa maigizo alipanda jukwaani kwa mikono na magoti. Fundi alijitokeza, kitufe cha winchi bado mkononi.

"Kijani kiliwaka!" alisema, bila kuulizwa. "Nilibonyeza kwa sababu kijani kiliwaka!"

Mfamasia alikuwa amekwisha kufika kwa bintiye. Alimshika kichwa, akaita jina lake la utotoni, akaita tena. Damu ilimchuruzika msichana kutoka juu ya sikio, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umelegea vibaya.

Inspekta alipanda jukwaani peku. Alipogeuka alimwona Dakika bado ameketi mezani pake, kidole kikiwa hewani.

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nimeita taa. Ukuta sikuuita."

*

Gari la wagonjwa lilipoondoka na Malkia na baba yake, walibaki wanne kwenye ile meza ndogo: Mkuu, mwalimu wa maigizo, Dakika na Inspekta. Mwalimu alifungua programu, akagusa mshale mdogo kando ya ishara ya thelathini na moja. Chini ya mstari wa taa ukajitokeza mstari mwingine, uliokuwa umejificha: *Ukuta wa kushoto, shusha.*

"Huu haukuwepo jana," mwalimu alisema. "Mtu ameufunga nyuma ya ishara ya taa. Ukigusa moja, zinakwenda mbili."

"Lini?" Inspekta aliuliza.

Mwalimu akagusa tena. Rangi ya uso ikambadilika. Programu ilionyesha kwamba mabadiliko yalifanywa siku hiyo hiyo, saa saba na nusu, wakati wa chakula cha mchana. Na aliyeyafanya, kwa mujibu wa programu, alikuwa Dakika.

"Si mimi," alisema Dakika.

Mkuu alikuwa mwanamke wa maneno machache, na yale machache aliyapima. "Kamati ya nidhamu itakaa kesho saa tisa. Mtoto wa watu amevunjika bega. Nisipopata maelezo mengine, binti yako ataondoka shuleni, na mambo mengine watayaamua wenzako wa kituoni. Na wewe, Inspekta, hapa uko kama mzazi. Si kama polisi."

"Nimeelewa. Naomba jambo moja, kama mzazi. Kilichoandikwa hapa tunakijua sisi wanne. Kisitoke. Asiambiwe mwalimu mwingine, wala mzazi, wala fundi. Watu wajue tu kwamba ukuta umeanguka."

Mkuu akakubali kwa kichwa.

Ukumbi ulipobaki mtupu, Inspekta alivuta kiti na kukaa mkabala na Dakika. Alikuwa amewahoji wezi, matapeli na mume mmoja aliyemzika mkewe chini ya banda la kuku, lakini hajawahi kumhoji mtu wa nyumbani kwake.

"Wakati wa chakula ulikuwa wapi?"

"Bwaloni. Nilikaa na watu wa sauti."

"Kishikwambi chako?"

"Kwenye kabati la mwalimu. Anakifunga kila siku, funguo anakaa nazo mwenyewe."

"Neno lako la siri nani analijua?"

"Hakuna."

"Umewahi kuingia kwenye programu kwa kifaa kingine? Chochote?"

Dakika alikawia kidogo tu. Mtu mwingine asingegundua.

"Hapana," alisema, akaanza kukwangua rangi ya meza kwa ukucha.

Inspekta aliinuka. Alivaa viatu vyake, moyo ukiwa mzito. Mtoto aliyemlea alikuwa amemdanganya machoni, tena alidanganya vibaya, kama mtu asiye na mazoea.

*

Asubuhi ya Ijumaa alianza na Fundi, aliyemkuta chumba cha vifaa akikagua nyaya ambazo hazikuwa na kosa.

"Wanasema ulishalalamika kuhusu ile winchi," Inspekta alisema.

"Nililalamika mpaka nikachoka. Niliwaambia nisimamishwe mahali ninapoona jukwaa. Wakanipa kitaa." Alicheka bila furaha. "Nimekaa nyuma ya pazia kama bibi harusi, natazama kitaa."

"Kishikwambi chao unakijua?"

"Mama, mimi hata simu yangu naipokea kwa kubahatisha."

Hilo halikumtosha Inspekta, lakini Mkuu mwenyewe alithibitisha: mchana wote Fundi alikuwa juu ya paa la maktaba, kila mtu akimwona, akiziba mahali panapovuja.

Akiba alikuwa mgumu zaidi. Alikuwa msichana mrefu, mwenye macho mekundu ya kulia, na jibu la kila swali alilitanguliza kabla swali halijaisha.

"Najua unachotaka kusema. Ndiyo, nilisema. Nilisema natamani ukuta umwangukie. Wiki mbili zilizopita, alipocheka nilivyotamka mistari yake. Nilikuwa na hasira! Mtu husema!"

"Na mistari yake yote unaijua."

"Ndiyo kazi yangu kuijua. Unadhani nataka kuipata hivi? Nipande pale kesho watu wakinitazama, 'Yule ndiye'?" Akafuta pua kwa mkono wa sare. "Jana mchana nilikuwa napiga deki bwalo. Nilichelewa gwaride. Mkuu alinisimamia mwenyewe, muulize."

Inspekta alimuuliza, na ilikuwa kweli. Dakika naye watu wa sauti walimtaja: alikula nao, hakunyanyuka. Akabaki mwalimu wa maigizo, mwenye funguo za kabati. Lakini mwalimu alikuwa amehangaika na mchezo ule mwaka mzima, ameshona mavazi kwa mikono yake, na wakati wa chakula alikuwa darasani na kundi zima la wanafunzi wa masomo ya ziada. Kabati halikufunguliwa. Basi kama kishikwambi cha Dakika kilikuwa kimefungiwa, mkono uliougusa mchezo uliugusia mahali pengine, kwenye kifaa kingine ambamo akaunti ya Dakika ilikuwa wazi. Kifaa ambacho Dakika hakutaka kukitaja.

Saa nne alipita ofisini kwa Mkuu na kumkuta mfamasia. Hakuwa amelala. Shati lilikuwa lile lile jeupe la jana, doa la damu limekauka kwenye mkono.

"Anaendeleaje mtoto, baba Malkia?"

"Mfupa wa bega umevunjika. Kichwani wamemshona. Atapona." Alipangusa uso. "Nilikuwa namwambia Mkuu: mimi sitaki kesi. Huyo msichana wako ni mtoto tu, asifukuzwe. Ifungwe hii klabu, mambo yaishe. Vitu vile ni vya hatari."

"Na siku ya kwanza unanialika kutazama, ndiyo siku hiyo hiyo!" Mkuu alisema, akitikisa kichwa. "Ananipigia simu baada ya chakula, Inspekta, eti twende tukaone mazoezi pamoja. Mtu ambaye mikutano ya wazazi tunambembeleza!"

"Kwani mazoezi hujawahi kuja kuyatazama?" Inspekta aliuliza.

"Mara moja. Wiki iliyopita. Nilisimama mlangoni kidogo."

Inspekta alimshukuru kwa moyo wake wa huruma, akatoka akiipima huruma hiyo. Fundi alikuwa ameuliza nani kafanya. Akiba aliuliza. Mwalimu aliuliza mara tatu. Baba wa majeruhi peke yake, aliyetajiwa jina na Mkuu asubuhi hiyo, hakuuliza hata kwa nini.

*

Alimwomba Dakika ampitishe jukwaani hatua kwa hatua, kama ilivyokuwa jana. Inspekta akasimama chini, karibu na safu ya tatu.

"Malkia alipiga magoti hapo," alisema akionyesha. "Upande wa kulia. Na huu hapa, mkono wangu wa kushoto, ulikuwa mtupu."

"Alikuwa upande wa kushoto," alisema Dakika.

"Nilikuwepo, mwanangu. Kulia."

"Shangazi, kushoto na kulia kwetu ni kwa mchezaji, anayewatazama watazamaji. Wewe umegeukia kwetu, kwa hiyo kulia kwako ni kushoto kwetu." Alisema kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kulieleza hilo kwa wageni wengi. "Wa nje wote wanakosea hapo."

Inspekta alisimama, mkono bado umenyooka.

Tangu jana alikuwa akimtafuta mtu aliyetaka kumuumiza Malkia. Ukuta wa kushoto uliandikwa, ukuta wa kushoto ukaanguka, na Malkia alikuwa kushoto. Hesabu ilikaa sawa. Lakini kama aliyeandika alikuwa mtu wa nje, mtu anayeujua mchezo kutoka kwenye viti tu, basi "kushoto" kwake palikuwa pale patupu. Hakutaka kumwangushia mtu yeyote. Na winchi ilipoanza kunguruma, mtu huyo angetazama wapi?

Akaiona tena ile shingo ya mfamasia, imegeukia pasipo na kitu.

Alipanda jukwaani, akakaa sakafuni kando ya Dakika.

"Jana ulinidanganya."

Dakika akainamisha uso.

"Sikuulizi tena kama umeingia kwa kifaa kingine. Nakuuliza ni cha nani."

"Nimeapa, Shangazi."

"Utafukuzwa shule saa tisa."

"Najua." Akaongeza, "Nenda kamuulize Malkia. Akiniruhusu, nitasema."

*

Malkia alilazwa karibu na dirisha, mkono wa kushoto umefungwa kifuani, nusu ya kichwa bandeji. Alipomwona Inspekta alijaribu kukaa, ikashindikana.

"Dakika yuko wapi? Kwa nini hajaja?"

"Wanasema yeye ndiye aliyeushusha ukuta. Programu ina jina lake. Leo wanamfukuza."

"Wazimu huo!" Alisema kwa nguvu mpaka bega likamkumbusha. Akafumba macho, akayafumbua. "Hajakwambia?"

"Kasema ameapa."

Malkia alitazama dari. "Baba alinikubalia mchezo huu mmoja. Nyumbani ni kitabu tu, mistari hataki kuisikia. Kwa hiyo Dakika alikuja jioni tukisingizia kemia. Tulifanya mazoezi chumbani kwangu, kwa kunong'ona. Ishara zote ziko kwenye akaunti ya meneja, basi akaingia kwenye kishikwambi changu. Hatukuwahi kuitoa. Nilimwapisha asiseme kwa mtu, kwa sababu baba akijua ananitoa."

"Kishikwambi hicho jana kilikuwa wapi?"

"Nilikisahau nyumbani. Kilibaki kitandani kwangu."

"Nyumbani kuna nani mchana?"

"Hakuna. Mama alishafariki. Dada wa kazi anaondoka asubuhi akimaliza. Mchana nyumba ni tupu, labda..."

Hakumaliza. Inspekta aliona neno likimfika, likishuka usoni mwake taratibu. Alitamani awe mtu wa kazi nyingine yoyote.

"Baba huja kula nyumbani," alisema Malkia. "Kila siku anafunga duka, anakuja kula."

Akageuza uso kuelekea dirishani. Inspekta alingoja. Alikuwa na swali moja la mwisho, nalo akaliuliza kwa upole alioweza.

"Baba yako anaijua programu hiyo?"

"Ndiye aliyeinunulia shule. Alikaa na walimu siku ya mafunzo. Alifurahi sana wakati ule, alidhani nimependa kompyuta."

*

Saa tisa kamili walikutana ukumbini badala ya ofisini. Inspekta alikuwa amemwomba Mkuu hivyo, na Mkuu, baada ya kumtazama kwa kitambo, hakuuliza sababu. Walikuja Fundi, mwalimu wa maigizo, Akiba na Dakika. Mfamasia alifika wa mwisho, akakaa kiti kile kile cha safu ya tatu. Ukuta ulikuwa bado umelala jukwaani, turubai limepasuka.

Inspekta alijua hali yake. Ushahidi wake wote ulikuwa macho ya mtu yalikoelekea, na chakula chake cha mchana. Hakimu yeyote angemcheka. Kilichobaki ni mtu mwenyewe.

"Mkuu ameniruhusu niseme kabla kamati haijaamua," alianza. "Nitasema kama mzazi. Aliyebadilisha mchezo huu alijua alichokifanya. Si ajali, si utoto. Alikaa mahali patulivu, akachagua ishara ambapo Malkia amepiga magoti, ameinama, haoni juu. Fundi, ungeweza kuona?"

"Pale? Hata kidogo."

"Akachagua giza. Akachagua winchi ya kasi. Mwalimu, ule mti wa ukingo wa chini ungempata kichwani sawasawa, ingekuwaje?"

Mwalimu alifunika mdomo. "Tungekuwa msibani sasa."

Mfamasia alikuwa akitazama viatu vyake.

"Huyo ni muuaji," Inspekta aliendelea, sasa akishuka ngazi za jukwaa, akimsogelea. "Alimtaka mtoto huyu afe. Alimchukia. Baba Malkia, mimi nisingekubali yaishe kimya. Kuna mtu alimtazama binti yako, akaona upande aliosimama, na kwenye kuta mbili akauchagua ule ulio juu ya kichwa chake—"

"Hakuuchagua huo!"

Sauti ilijaa ukumbi. Mfamasia alikuwa amesimama, mikono imeng'ang'ania kiti cha mbele.

"Hakuna aliyemchukia! Upande uliochaguliwa ni ule mtupu, wa kushoto, hapa, hapakuwa na mtu! Programu ndiyo iliyochanganya! Imeandikwa kushoto, ikashusha kulia!"

Alikuwa ananyoosha kidole kuelekea upande mtupu wa jukwaa. Fundi alitazama kidole, akatazama ukuta uliolala, akatazama tena kidole.

"Kilichoandikwa tulikijua watu wanne," alisema Mkuu polepole. "Wewe ulikuwa kwenye gari la wagonjwa. Asubuhi nilikwambia tu anayeshukiwa."

"Programu haikuchanganya, baba," Inspekta alisema, na safari hii sauti yake haikuwa na mtego. "Kushoto kwa jukwaa ni kwa mchezaji. Uliandika ukuta uliokuwa juu yake."

Mfamasia aliteremsha mkono. Inspekta alitambua kwamba tangu jana mtu huyu alikuwa ameng'ang'ania wazo moja tu, kwamba mashine ilimsaliti, na sasa amenyang'anywa hata hilo. Akakaa.

"Nilirudi kula," alisema baadaye. "Nikasikia kitu kinalia chumbani kwake. Kishikwambi. Nikakifungua nikakuta video. Amejirekodi, anaomba nafasi kwenye chuo cha maigizo, mbali huko. Ameshaituma. Anasema kwa tabasamu kwamba baba yake anamuunga mkono." Alimeza mate. "Nilikuwa na mdogo wangu. Alikwenda na kundi la maigizo, akasema atarudi. Mama yetu alimwita mpaka siku ya mwisho. Mama nilimzika peke yangu. Mke wangu naye nikamzika. Nimebakiwa na mmoja."

"Kwa hiyo?" Inspekta aliuliza.

"Nilitaka Mkuu aone kwa macho yake kwamba ni hatari. Ukuta uanguke patupu, watu washtuke, mchezo ufutwe. Basi. Nilimtazama wiki iliyopita nijue anasimama wapi. Nilihakikisha." Akalia waziwazi, bila kujificha. "Nilihakikisha."

"Na huyu?" Inspekta alimwonyesha Dakika. "Ulijua jina lililobaki humo ni la nani."

"Sikujua mpaka leo asubuhi, Mkuu aliposema anashukiwa. Nilimwombea asifukuzwe."

"Ulimwombea msamaha kwa kosa lako." Inspekta alijisikia hasira ikimpanda, hasira ya shangazi wala si ya kazi, akaiachia ipande. "Ungemwacha atembee na jina hilo maisha yake yote, halafu ungemwita mwenye bahati."

Mkuu alitoka nje kupiga simu kituoni. Aliporudi alimwendea Dakika, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwomba radhi mbele ya wote. Akiba naye alimkumbatia kwa nguvu, wote wawili wakalia, na Fundi akageukia ukutani akijifanya anakagua swichi.

*

Maelezo yaliandikwa na askari mwenzake Inspekta wa kituoni, kwa kuwa Inspekta ni ndugu wa mhusika. Mwenzake huyo alikubali wapitie hospitali kwanza, yeye na mfamasia kwenye gari la mbele, Inspekta na Dakika kwenye gari lingine nyuma yao.

Walipofika njia panda Dakika alimgeukia Inspekta.

"Jana uliniamini?"

Inspekta angeweza kusema uongo mdogo, wa kuponya. "Mpaka uliposema hapana. Baada ya hapo sikukuamini. Usiku sikupata usingizi."

"Ningekwambia, ungekwenda moja kwa moja kwa baba yake."

"Ningekwenda."

"Basi," alisema Dakika, kisha akamwekea kichwa begani.

Mlangoni mwa wodi mfamasia alisita hadi askari akamgusa mgongoni. Inspekta alibaki kizingitini na Dakika. Walimwona akisimama mwisho wa kitanda, mikono ikining'inia, akisema yote, tangu video hadi kidole alichonyoosha ukumbini. Hakuruka kitu. Alipomaliza, msichana aliendelea kutazama dirisha.

"Ungeniuliza tu," alisema Malkia hatimaye. "Ungeniuliza kama nitarudi."

Baba yake akageuka kuondoka.

"Baba."

Akasimama.

"Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe." Alielekeza kidevu kwenye kimeza, upande wa mkono uliofungwa. "Lakini siwezi kuifikia bilauri, na nina kiu."

Mfamasia alirudi. Alijaza bilauri maji, akamwinua kichwa kwa kiganja, akamnywesha polepole, na alipokwisha kunywa hakuna hata mmoja wao aliyejua pa kutazama. Askari aliingia na kumwambia muda umekwisha.